Robert Graves na Uingereza Aliyoipa Kisogo

Kitabu cha kumbukumbu cha mshairi Mwingereza Robert Graves kiitwacho Goodbye to All That, yaani Kwaheri kwa Yote Hayo, kilichotoka London mwezi wa Novemba 1929, huwekwa katika kabati la vitabu vya vita, na mwenye kukiweka huko hakosei, kwa kuwa sehemu kubwa ya kurasa zake inahusu mahandaki ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hata hivyo nimekisoma zaidi ya mara moja, na kila nikimaliza nabaki na fikra kwamba hasira yake haikuelekezwa kwenye vita. Graves hawatukani Wajerumani, wala vita vyenyewe havilaani kwa sauti ya juu kama walivyofanya baadhi ya washairi wenzake. Hasira yake ameiwekea akiba watu wa nyumbani: wazazi, walimu, makasisi, wahariri wa magazeti, mabwana na mabibi walioketi salama wakivisifu kwa maneno matamu vifo vya vijana wa wenzao. Hao ndio anaowaaga. Nataka kueleza kwa nini aliona hawezi tena kuishi nao, na kwa nini, kwa maoni yangu, kuaga kwenyewe hakukukamilika.

Alizaliwa Wimbledon, pembezoni mwa London, tarehe 24 Julai 1895. Baba yake, Alfred Perceval Graves, alikuwa Mwairishi, mkaguzi wa shule na mshairi. Mama yake, Amalie von Ranke, alikuwa Mjerumani wa ukoo wa mwanahistoria mashuhuri Leopold von Ranke. Nyumba yao ilikuwa ya sala, vitabu na watumishi. Kuna kisa kimoja cha utoto wake ambacho mimi hukiona kuwa ndicho mlango wa kitabu kizima. Akiwa na miaka minne na nusu aliugua homa ya vipele vyekundu, akalazwa katika hospitali ya umma pamoja na watoto ishirini hivi wa maskini. Alistaajabu kuona jinsi wauguzi, na hata wale watoto wenyewe, walivyomnyenyekea mtoto mmoja wa kasisi aliyelazwa nao, kana kwamba ni mwana wa mfalme. Aliporudi nyumbani alikemewa kwa sababu alikuwa ameokota lafudhi ya wodini, akaambiwa wale watoto hawakuwa na adabu. Kisa hicho anakisimulia kwa mistari michache, bila kukitilia chumvi, na hapo msomaji anaelewa kwamba mtu huyu atakuja kuandika juu ya nchi ambamo kila mtu anajua daraja lake kabla hajajua kusoma.

Shule ya Charterhouse ilimwongezea uchungu. Huko alionewa kwa sababu ya fedha zake chache, kwa sababu alipenda masomo, na zaidi kwa sababu ya jina la von Ranke, wakati ambapo Waingereza walikuwa wameanza kuzihofia biashara na manowari za Ujerumani. Alijikomboa kwa ndondi. Mwalimu aliyemtendea kama binadamu mwenzake alikuwa George Mallory, yule aliyepotea karibu na kilele cha Everest mwaka 1924. Ndiye aliyempeleka kukwea miamba ya milima ya Wales.

Vita vilipotangazwa mwezi wa Agosti 1914, Graves alikuwa Harlech, huko Wales, akiwa amemaliza shule na akisubiri kwenda Oxford. Aliomba kujiunga na jeshi mara moja, na sababu anazozitoa hazina ushujaa mwingi ndani yake. Alidhani vita vitakwisha kabla ya Krismasi, na alitumaini kwamba vitamchelewesha kwenda chuoni, jambo ambalo alikuwa akiliogopa. Tena alikasirishwa na kuvamiwa kwa Ubelgiji. Anasema kwamba katika habari za ukatili zilizoandikwa magazetini alikuwa akipunguza asilimia 20 hivi, kwa kuwa kila vita vina chuku yake. Kisha anaongeza kwamba kipunguzo hicho hakikutosha.

Ili kuonyesha kwa nini hakikutosha, anapanga mfululizo wa dondoo za magazeti juu ya kuanguka kwa mji wa Antwerp. Gazeti la Ujerumani linasema kwamba habari za kuanguka kwa mji huo zilipofika, kengele za makanisa zilipigwa, yaani kengele za Ujerumani, kwa furaha. Gazeti la Ufaransa linaidaka habari hiyo na kuandika kwamba makasisi wa Antwerp walilazimishwa kupiga kengele. Gazeti la Uingereza linaandika kwamba makasisi waliokataa walifukuzwa. La Italia linasema walihukumiwa kazi ngumu. Habari inaporudi Ufaransa, makasisi wamekwisha kuning'inizwa vichwa chini ndani ya kengele ili wawe ndimi zake. Graves hasemi neno lolote juu ya mfululizo huo, na kunyamaza kwake ndiko kunakouma. Sisi tunaoishi katika zama za habari za kusambazwa kwa simu tunaweza kucheka, lakini yeye alikuwa akieleza ni kitu gani kilichowapeleka vijana wa rika lake kwenye ofisi za kuandikisha askari.

Alipewa uafisa katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers, kikosi cha zamani sana na chenye majivuno makubwa, kilichoshikilia kuandika jina lake kwa herufi c badala ya s na kuvaa utepe mweusi mgongoni penye ukosi. Alifika Ufaransa mwaka 1915. Baada ya miezi michache akiwa ameazimwa kwa kikosi kingine cha Wales, alihamishiwa batalioni ya pili ya kikosi chake, na hapo akakuta kitu ambacho msomaji wa Afrika atakitambua upesi. Maofisa wa batalioni ile walikuwa wametumikia India kwa muda mrefu, na walikuwa bado wakivaa kaptura kana kwamba wako kule. Wakulima wa Kifaransa, wenye nchi yao, walisukumwa na kusemeshwa Kihindustani cha jeshini, kama maofisa hao walivyozoea kuwafanyia watu waliowatawala. Maofisa vijana hawakuruhusiwa kunywa wiski mesini wala kuwasemesha wakubwa mpaka wawe wametumikia muda wa kutosha, na wakitoka mahandakini walilazimika kuhudhuria mafunzo ya kupanda farasi, katika vita ambavyo farasi hakuwa na kazi. Ni kichekesho, lakini ni kichekesho kinachotupa picha ya jamii nzima: adui yuko hatua mia kadhaa mbele, na bado suala la nani amsalimie nani linapewa uzito wa sheria.

Mahandaki yenyewe anayaeleza kwa ukavu. Wapiga bombomu walikuwa wakifyatua mikanda kadhaa ya risasi bila kulenga popote, kwa ajili tu ya kuyachemsha maji yanayoipoza mitutu, wapate ya kupikia chai. Askari wawili walikuja kutoa taarifa kwamba wamempiga risasi sajini meja wao. Walipoulizwa kama walidhani ni jasusi, wakajibu kwamba hapana, walidhani ni sajini wao wa platuni. Wote wawili walipigwa risasi kwa hukumu ya kijeshi. Siku nyingine Graves alimwona kwa darubini ya bunduki Mjerumani akioga katika handaki la nyuma. Hakupenda kumpiga mtu aliye uchi, kwa hiyo akamkabidhi sajini bunduki, akamwambia kwamba yeye ana shabaha nzuri zaidi. Sajini akampata. Graves anaandika kwamba yeye hakubaki kutazama. Katika kitabu kizima sijui sentensi inayomshtaki mwandishi kuliko hiyo, na anaipita mbio, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mapigano ya Loos, yaliyoanza tarehe 25 Septemba 1915, ndiyo moyo wa sehemu ya vita. Waingereza walikuwa wakitumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na amri zilikataza kuitaja kwa jina lake. Iliitwa kifaa cha ziada. Alfajiri ile upepo haukuvuma. Waliokuwa na dhamana ya mitungi wakapiga simu kwamba haifai kufunguliwa, wakajibiwa kwamba ni lazima ifunguliwe kwa vyovyote vile. Spana karibu zote hazikuingia kwenye vali za mitungi. Gesi iliyofanikiwa kutoka ilirudi mahandakini kwao wenyewe. Watu wakaondoka kwenda mbele katikati ya vurugu hiyo, na bombomu za Wajerumani zikawafyeka. Afisa mmoja alipuliza kipenga ili platuni yake iinuke, na hakuna aliyeinuka. Akawaita waoga, na sajini wake aliyejeruhiwa akamjibu kwamba si waoga, wako tayari kabisa, ila wamekufa wote. Kapteni Samson alilala mbele ya mstari akiwa na majeraha, akawatumia ujumbe waliotaka kumwokoa wasije tena, kwa kuwa yeye si wa kupona. Usiku Graves alipomfikia akakuta amekufa, ana majeraha 17, na amejisukumia vifundo vya vidole mdomoni ili asipige kelele zitakazowavuta wengine kwenye kifo.

Siku mbili baada ya shambulio hilo, huko huko Loos, alipotea luteni wa miaka 18 aitwaye John Kipling. Jeshi lilikuwa limemkataa kwa sababu ya macho mabovu, na baba yake, mwandishi Rudyard Kipling, ndiye aliyetumia jina lake ili kijana apate nafasi. Ninamtaja kwa sababu maneno ya baba huyo tunayo hapa kwetu. Yamechongwa kwenye mnara wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ulioko Nairobi, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili: kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kuna waliokuwa wakibeba mizigo ya jeshi lililokwisha kuichukua hiyo nchi waliyoambiwa wanaipigania. Siwezi kumcheka Kipling, kwa kuwa naye alilipa gharama ya maneno yake kwa mwanawe wa pekee wa kiume. Lakini lugha ile ya minara, iliyonyooka na kung'arishwa, ndiyo hasa aliyoikuta Graves kila aliporudi Uingereza kwa likizo, na ndiyo iliyomfanya ajione mgeni katika nyumba ya mama yake.

Tarehe 20 Julai 1916, katika mapigano ya Somme, kombora lilipasuka nyuma yake karibu na makaburi ya Bazentin-le-Petit, na kipande kimoja kikampenya pafu. Kwenye kituo cha huduma ya kwanza alilazwa pembeni pamoja na wasio na matumaini, akaachwa hapo usiku kucha. Kanali wake akamwandikia mama yake barua ya rambirambi, na gazeti la The Times likachapisha jina lake katika orodha ya waliokufa kwa majeraha. Alitimiza miaka 21 akiwa marehemu kwa mujibu wa hati za serikali. Habari ilipokuja kusahihishwa, wazazi wake walikuwa wamekwisha kupokea barua nyingi za pole, na Graves anaona kwamba waliomsifu kuliko wote ni watu waliokuwa wakigombana naye alipokuwa hai, mwalimu wake wa bweni akiwamo. Waswahili tunasema maiti hana adui. Hapa maiti alikuwa amerudi, na alikuwa akisoma barua.

Alipokuwa akiuguza jeraha hilo alikaa kwa muda na mshairi mwenzake wa kikosi kile kile, Siegfried Sassoon, waliyefahamiana Ufaransa mwaka 1915. Hapo ndipo kitabu kinapolieleza jambo lake kuu. Anasema kwamba raia walikuwa wakizungumza lugha ya kigeni, nayo ni lugha ya magazeti, na kwamba mazungumzo ya maana na wazazi wake yalikuwa karibu hayawezekani. Kisha anachapa hati moja nzima, bila ufafanuzi: barua iliyotoka katika gazeti la Morning Post mwaka 1916, iliyotiwa saini ya Mama Mdogo (kwa Kiingereza, A Little Mother), ikimjibu askari mmoja aliyeomba amani. Mama huyo anasema kwamba akina mama wa Uingereza hawatakubali kilio cha amani, na kwamba wako tayari kuwatoa wana wao wa pekee, mmoja baada ya mwingine, kujaza mapengo. Barua hiyo ilichapishwa kama kijitabu, ikauzwa kwa maelfu, na Graves anaambatanisha sifa zilizomiminwa juu yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa mwandishi. Ni hati ya kweli, na ndiyo sababu haikuhitaji maelezo.

Sassoon alichukua njia nyingine. Mwezi wa Julai 1917 alitoa tamko la hadharani akikataa kuendelea na vita ambavyo, kwa maoni yake, vilikuwa vimegeuzwa kuwa vya uchokozi na utekaji. Graves alikubaliana na tamko hilo neno kwa neno, na hata hivyo alifanya kila awezalo kulizima. Aliona kwamba rafiki yake atafungwa bure na hakuna kitakachobadilika. Alimwapia kwa Biblia kwamba hatashtakiwa kamwe, atafungiwa tu katika hospitali ya wendawazimu, jambo ambalo hakuwa na hakika nalo. Kisha akatoa ushahidi mbele ya bodi ya madaktari huku akilia, mpaka Sassoon akapelekwa Craiglockhart, karibu na Edinburgh, kwa daktari W. H. R. Rivers. Ni huko Sassoon alikokutana na mshairi kijana Wilfred Owen, na ushairi wa Kiingereza ukapata faida kubwa kutokana na uongo wa Graves. Mimi sina ujasiri wa kuamua kama alifanya vizuri. Ninaloona ni kwamba aliishika amri ya mesini: usimwache mwenzako aaibike, hata kama mwenzako ndiye mwenye haki.

Mapigano yaliposimamishwa Novemba 1918, alikuwa kambini kaskazini mwa Wales. Watu walipokuwa wakishangilia, yeye alitoka peke yake akatembea juu ya tuta la mabwawa ya Rhuddlan, akilaani na kulia na kuwafikiria waliokufa. Miezi michache baadaye alitoroka kambi ya Limerick, Ireland, akiwa na homa ya mafua ya Kihispania na hati zisizokamilika, kwa sababu alijua kwamba akichelewa siku moja atazuiwa. Kituoni London alimpa nafasi kwenye teksi yake mtu asiyemjua, na mtu huyo akawa ndiye afisa mwenye uwezo wa kuzikamilisha zile hati. Siku alipoachishwa jeshi aliapa kwamba hatakuwa tena chini ya amri ya mtu yeyote maisha yake yote.

Kilichofuata ni miaka kumi ya kujaribu kuishi kama raia. Alikuwa amemwoa Nancy Nicholson mwezi wa Januari 1918, msanii, binti wa mchoraji William Nicholson, mwanamke aliyekataa kuliacha jina lake na aliyekichukia kila kitu cha kanisani. Usiku makombora yalikuwa yakipasuka kitandani mwao, ingawa Nancy alikuwa amelala naye pale pale. Mchana, wapita njia wasiomjua walichukua nyuso za marafiki zake waliokufa. Hakuweza kutumia simu, treni zilimtia kichefuchefu, na akikutana na wageni zaidi ya wawili kwa siku moja hakupata usingizi. Alikwenda Oxford hatimaye, akaishi na familia yake kilimani Boars Hill, katika kijumba cha bustanini kwa mshairi John Masefield. Wakafungua duka la kijijini, likafilisika. Nje ya nyumba yake nchi ilikuwa na sura nyingine. Waziri Mkuu Lloyd George alikuwa ameahidi mwaka 1918 kuifanya Uingereza iwe nchi inayostahili kuishi mashujaa. Kufikia katikati ya mwaka 1921 watu zaidi ya milioni mbili hawakuwa na kazi. Graves anawakumbuka waliokuwa askari wakija mlangoni kuuza kamba za viatu na kuomba mashati na soksi kuukuu, na yeye na Nancy wakiwapa chai na fedha kidogo.

Kijijini Islip, ambako walihamia mwaka 1921, kasisi alimwomba azungumze kwenye ibada ya ukumbusho wa waliokufa vitani, akipendekeza asome mashairi ya vita. Badala ya mashairi ya Rupert Brooke, yale ya uzalendo mtamu, Graves alisimama akasoma mashairi machungu ya Sassoon na Owen, ya watu wanaokata roho kwenye uwanja wa vita. Kisha akasema kwamba waliokufa hawakuwa watu wema kupita wengine wala waovu kupita wengine, walikuwa askari wa kawaida, na kwamba waliobaki wamshukuru Mungu kwa uhai na wajitahidi kusiwe na vita tena. Waheshimiwa wa kanisa, ukimtoa kasisi mwenyewe, walitaharuki. Wale waliorudi vitani walifurahi, kwa kuwa tangu kurudi kwao hawakuwa wametendewa vizuri, na hapo kwa mara ya kwanza walisikia mtu akiwaweka sawa na marehemu watukufu. Nadhani hapo ndipo kuvunjika moyo kwa Graves kunapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote. Jamii ile ilikuwa imejifunza kumpenda askari aliyekufa na kumkwepa aliye hai anayebisha hodi na kamba za viatu.

Mwaka 1926 alikwenda Cairo kufundisha Kiingereza katika chuo kikuu, hakudumu. Aliambatana na mshairi wa Marekani, Laura Riding, na mwezi wa Aprili 1929, baada ya mgogoro wa mapenzi uliowahusisha watu wanne, Riding alijirusha dirishani London akavunjika uti wa mgongo, akapona. Ndoa ya Graves ikavunjika. Kitabu alikiandika katika miezi iliyofuata, upesi, akihitaji fedha, na kilipotoka yeye na Riding walikuwa wamekwisha kuhamia kisiwa cha Mallorca, kijijini Deià. Kilinunuliwa kwa wingi. Sassoon alikasirika sana, kwa kuwa Graves alikuwa amechapisha bila ruhusa shairi lake la faragha na kisa kilichomhusu mama yake. Mchapishaji, Jonathan Cape, akalazimika kuyaondoa na kuacha mapengo kurasani. Sassoon na Edmund Blunden, mshairi mwingine wa mahandakini, waliketi na nakala moja wakaijaza pembeni masahihisho na matusi. Baba yake Graves naye alitoa kumbukumbu zake mwaka 1930, akaziita To Return to All That, yaani mwanangu ameaga, mimi narudi.

Walalamikaji walikuwa na hoja. Tarehe zimechanganyika, baadhi ya visa vimekolezwa, na mwaka 1930 Graves mwenyewe aliandika kwamba alikijaza kwa makusudi vitu ambavyo wasomaji hupenda. Aliongeza pia kwamba kumbukumbu za mtu aliyepitia mahandaki mabaya kabisa zisipokuwa na sehemu kubwa ya mambo yasiyo sahihi, basi haziwezi kuwa za kweli. Wengine huliona jibu hilo kuwa ujanja. Mimi nalikubali nusu. Mtu aliyekuwa akiona nyuso za wafu barabarani Oxford hawezi kutuletea shajara ya karani. Lakini mtu huyo huyo alijua pia bei ya kitabu chenye kisa cha kusisimua.

Kinachonisumbua zaidi kuliko tarehe zake ni kikosi. Graves anawatupa wazazi, dini, shule, chama cha waungwana, ndoa, na hatimaye nchi yenyewe, lakini kikosi cha Royal Welch Fusiliers hakitupi. Hata anapowadhihaki wale maofisa wa kaptura, unamwona akijivunia kwamba batalioni yao haikupoteza handaki na kwamba nidhamu ya gwaride iliwasaidia wasivunjike. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 aliomba kurudi jeshini kama askari wa miguu, na akaambiwa kwamba kwa afya yake hawezi kupewa kazi isipokuwa ya kukaa mezani. Mwanawe David, aliyezaa na Nancy, alijiunga na kikosi kile kile na kuuawa Burma mwaka 1943. Yule aliyemcheka Mama Mdogo alikuwa sasa mzazi wa askari aliyekufa. Ninasema hivi bila kumsuta: mambo mabaya ya Uingereza aliyajua yote, lakini watu pekee walioielewa lugha yake walikuwa ndani ya kikosi, na mtu haagi watu wa aina hiyo kwa kubadilisha anwani.

Kuna matoleo mawili ya kuzingatia. Mwaka 1957 Graves alikipitia kitabu upya, akanyoosha sentensi, akaongeza visa na maneno ya kumalizia, na akafuta kila alama ya Laura Riding, ambaye toleo la kwanza lilifungwa kwa maneno ya moja kwa moja kwake. Toleo hilo ndilo linalopatikana kwa urahisi madukani, na ni zuri, ila limeandikwa na mzee aliyekwisha kupata umaarufu na aliyefanya suluhu na wengi. Toleo la 1929, ambalo nalo limechapishwa tena, lina sentensi za pupa na mapengo yasiyoelezwa, na ndilo lililoandikwa na kijana wa miaka 34 ambaye hakuwa na mpango wa kurudi. Kwa anayetafuta habari za mahandaki, lolote kati ya hayo mawili litamfaa. Kwa anayetaka kuijua ile hasira, atafute la kwanza.